Meno ya Kauri: Jawabu Tulilolikosea, na Jawabu Lake

Mwaka uliopita, katika darasa letu la baada ya sala ya Isha, kijana mmoja alituuliza juu ya hawa watu wanaokatisha meno yao na kuyavika magamba meupe ya kauri ili wapendeze wanapocheka. Tulijibu papo hapo, naye hajamaliza suali lake, kuwa ni haramu. Tukaitaja Hadithi ya meno, tukafunga mlango, tukaendelea na mlango wa zaka tuliokuwa tukiusoma. Jawabu lile lilichukuliwa likapelekwa majumbani, na sisi tukalisahau.

Miezi michache baadaye alitujia bwana mmoja, mtu wa makamo, mwenyeji wa mji huu, ila alifanya kazi miaka mingi bara. Binti yake alizaliwa na kulelewa karibu na Nakuru, na meno yake ya ukubwani yaliota na rangi ya kahawia, baadhi yake yana vishimo kama ukuta wa matumbawe uliobanduka chokaa. Hacheki ila amejifunika mdomo kwa leso. Daktari alikuwa amekwisha kubali kumtengenezea meno sita ya mbele, na jamaa wamekwisha changa fedha, ndipo mama yake aliposikia fatwa yetu. Binti akasema hawezi kuingia katika laana kwa sababu ya meno. Fedha zikarejeshwa kwa wenyewe. Baba huyu hakuja kututeta. Alikuja kutuuliza, kwa adabu kabisa, kama siku ile tulipojibu tulikuwa tumemfikiri mtu kama mwanawe.

Hatukuwa tumemfikiri. Wala hatukuwa twakijua kitu chenyewe tulichokihukumu, na hali wanavyuoni wa usuli wametufunza kwamba hukumu ya kitu ni tawi la kukifahamu. Basi tulikwenda kwa daktari wa meno hapa Mombasa, tukakaa naye asubuhi mbili, akatuonyesha vyombo vyake na meno ya mfano, kisha tukarudi katika vitabu. Haya tuyaandikayo ndiyo tuliyoyapata. Palipo kinyume na tuliyoyasema mwaka jana, haya ndiyo kauli yetu.

Kitu chenyewe

Jino la mtu lina tabaka. La nje ni jeupe, gumu kupita mfupa, gumu kupita kitu chochote katika mwili wa mwanadamu, nalo madaktari huliita enameli. Chini yake lipo tabaka lenye umanjano, laini kidogo kuliko la juu, na ndani kabisa upo moyo wa jino wenye mishipa ya damu na ya hisi. Enameli ukiipima kwa uzani, kama sehemu 96 katika mia ni madini matupu. Vijisehemu hai vilivyoifuma hupotea jino linapotoboa ufizi, na kwa sababu hiyo enameli ikikatwa haioti tena. Ukucha huota, unywele huota, mfupa uliovunjika huunga. Enameli haina marejeo. Tulimwomba daktari alikariri neno hili mara mbili, kwani ndilo linalobeba sehemu kubwa ya hukumu, kama atakavyoona msomaji.

Gamba la kauri, ambalo wenyewe huliita vinia, ni kipande chembamba kinachogandishwa juu ya uso wa mbele wa jino. Unene wake ni kama nusu milimita, yaani wakaribia ganda la yai. Kauri yake ni ya jamii moja na ile ya sahani na mabakuli ambayo wazee wetu waliyapanga katika zidaka za nyumba za Lamu, ila hii imesafishwa na kutiwa nguvu. Na aina moja itumikayo sana siku hizi ni kioo kilichopikwa hata kikafanya chembe za madini ya lithiamu ndani yake. Ukiishika mkononi yavunjika kama kaki. Ikishagandishwa juu ya jino hubeba uzito wa kuuma na kutafuna.

Ili jino lisionekane nene kama la farasi, daktari hukwangua kwanza uso wake kwa chombo kinachozunguka, kiasi cha sehemu 3 hadi 7 katika sehemu kumi za milimita moja. Sasa tafakari hesabu hii. Enameli ya meno ya mbele ina unene wa kama milimita moja karibu na ncha, na hupungua sana karibu na ufizi. Mwenye mkono mwepesi hubaki ndani ya enameli. Akizidisha huingia katika lile tabaka la manjano, na huko gamba halishiki vizuri, na jino hushituka kwa maji ya baridi na chai ya moto. Baada ya kukwangua, huchukuliwa sura ya meno akapelekewa fundi, na mgonjwa huvaa magamba ya muda kwa wiki moja au mbili. Siku ya kugandisha, upande wa ndani wa gamba huwa umekwisha chubuliwa kwa asidi kali. Jino nalo hupakwa asidi ya fosfori kwa nusu dakika au chini yake, likafanya vitundu vidogo visivyoonekana. Hutiwa gundi, na gundi hugandishwa kwa taa ya mwanga wa buluu. Likisha shika halivuliwi ila kwa kukatwa.

Yako meno machache yasiyohitaji kukwanguliwa, au yahitajiyo kidogo mno, khasa yaliyo madogo au yaliyoingia ndani. Hilo tutalihitaji mbele.

Gamba lililofanywa vizuri juu ya enameli hudumu miaka 10 hadi 15, na mengine zaidi. Kisha huvunjika, au hubanduka, au jino huoza pembezoni mwake, na hapana budi kutiwa jingine. Kijana wa miaka 22 anayekatisha meno yake leo anajiandikia kurudi kwa daktari mara mbili au tatu au zaidi katika umri wake, na kulipa kila mara. Mwenye kusaga meno usingizini huyavunja mapema zaidi.

Asili ya jambo hili ni sinema. Mwishoni mwa miaka ya 1920 daktari mmoja wa California, Charles Pincus, alianza kuwatengenezea waigizaji wa Hollywood magamba ya kuvaa mbele ya kamera. Yalinatishwa kwa unga kama ule wa meno ya bandia, na kazi ikimalizika yakavuliwa. Mwaka 1955 Michael Buonocore wa Marekani alieleza namna ya kuichubua enameli kwa asidi ili vitu vya kuzibia vishike, na mwanzo wa miaka ya 1980 Richard Simonsen na John Calamia wakaeleza namna ya kuichubua kauri yenyewe. Hapo ndipo lililokuwa vazi la maigizo likawa la kudumu kinywani.

Hadithi, na bibi aliyehoji

Hadithi tuliyoitaja mwaka jana ni sahihi, haina maneno. Wameipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Abdullah bin Mas'ud (R.A.), na ndani yake wamelaaniwa wanawake wanaochora miili kwa sindano, na wanaong'oa nywele za uso, na wanaotia mwanya baina ya meno yao kwa ajili ya uzuri, wakaligeuza umbile la Mwenyezi Mungu. Na katika Suratun Nisaa imetajwa kuwa kuwaamrisha watu wageuze umbile ni katika ahadi za Shetani.

Habari hii ina mwisho wake ambao hatukuusoma siku ile. Bibi mmoja wa Bani Asad, akiitwa Ummu Yaaqub, mwenye kuisoma Qur'ani, alimwendea Ibn Mas'ud akamhoji. Alimwambia kuwa ameusoma Msahafu wote baina ya majalada yake mawili, na laana hiyo hakuiona. Ibn Mas'ud akamwonyesha aya ya Suratul Hashri inayotuamrisha kushika analotuletea Mtume (S.A.W.) na kuacha analotukataza. Bibi hakunyamaza. Akasema kuwa adhani hata mke wa Ibn Mas'ud hufanya baadhi ya mambo hayo. Akaambiwa aende akatazame. Akaenda, asione kitu. Na Ibn Mas'ud akasema lau lingekuwapo jambo hilo, asingekaa na mkewe pamoja.

Twaisimulia habari hii kwanza kwa ajili ya adabu ya suali. Huyu ni Sahaba mkubwa, na mwanamke anamhoji katika dini yake na katika nyumba yake, naye hamfukuzi. Ampa dalili, na akiishuku nyumba ampa ruhusa aingie aone. Kijana aliyetuuliza sisi hakupata hata robo ya nafasi hiyo. Pili, kwa ajili ya neno lile "kwa uzuri", ambalo wanavyuoni wamelisimamia, na sisi tukalirukia.

Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, na ambaye sisi watu wa madhehebu ya Shafi hatuna tunayemtegemea zaidi yake, ameeleza katika sherehe yake ya Sahihi Muslim kwamba waliokuwa wakifanya hivyo ni wanawake waliokwisha kuwa watu wazima. Mwanya mwembamba baina ya meno ya mbele huwa kwa wasichana. Basi mwanamke akipata umri alitia tupa baina ya meno ili adhaniwe mdogo. Kisha akabainisha kuwa neno "kwa uzuri" laashiria kwamba kilichoharimishwa ni kile kinachofanywa kwa kutafuta uzuri; ama mwenye kulihitaji kwa ajili ya tiba, au kwa aibu iliyo katika jino, hapana ubaya. Kitabu hiki kimo katika kabati yetu. Tumekisomesha si mara moja. Mwaka jana hatukukifungua.

(Msomaji wa pwani huenda akatabasamu hapa, kwani hata kwetu mwanya husifiwa, na mwenye mwanya huambiwa ana bahati. Bibi wa kale alitia tupa ili aufungue. Wa leo atia kauri ili auzibe, kwa kuwa picha anazoziona katika simu yake hazina mwanya.)

Wako wanavyuoni waliokaza kuliko Nawawi. Imam Tabari aliona kuwa mwanamke hajuzu kugeuza chochote katika umbile lake, kwa kuzidisha wala kupunguza, hata akiwa na jino la ziada. Lakini Ibn Hajar alipoinakili kauli hiyo katika Fat-hul Bari alitaja kuwa hutolewa humo lile lenye kuleta madhara, kama jino refu linalomzuia mtu kula. Na wako waliolegeza. Sheikh Muhammad Tahir bin Ashur wa Tunis, aliyefariki mwaka 1973, ameona katika tafsiri yake kuwa mambo haya yalikatazwa kwa sababu zama zile yalikuwa ni alama za wanawake wasiojihifadhi. Twamheshimu sheikh huyu, na elimu yake ni bahari, lakini hapa hatuwezi kusimama naye. Hadithi yenyewe imeitaja sababu yake, na sababu iliyotajwa haiachwi kwa sababu iliyokisiwa. Tukisema leo kuwa alama zimekwisha na hukumu imekwisha, tutakuwa tumeyafuta maneno yaliyomo ndani ya Hadithi kwa maneno yasiyokuwamo.

Kwa hiyo twasimama na Nawawi, na tuna dalili nyingine inayomtia nguvu. Sahaba Arfaja bin As'ad alikatwa pua katika vita vya Kulab, zama za ujahili. Akajifanyia pua ya fedha, ikanuka, na Mtume (S.A.W.) akamwamrisha ajifanyie ya dhahabu. Wameipokea Abu Daud na Tirmidhi, na Tirmidhi akaongeza kuwa imepokewa kwa zaidi ya mwanachuoni mmoja kwamba waliyafunga meno yao kwa dhahabu. Na izingatiwe hapa kwamba mtu asiye na pua hafi. Anapumua, anakula, anasali. Aliruhusiwa dhahabu, ambayo asili yake ni haramu kwa mwanamume, ili uso wake usiwe na aibu na wala usinuke mbele ya watu. Basi yule mwenye kusema kuwa uso haufai kutengenezwa ila pakiwapo khatari ya kufa, na atujibu juu ya pua ya Arfaja. Na kauri haikuharimishwa kwa mwanamume wala kwa mwanamke.

Maji ya Bonde la Ufa

Sasa tuje kwa binti. Kilichoyageuza meno yake ni madini yaitwayo floraidi. Kwa kiasi kidogo madini haya huyalinda meno yasioze, ndiyo maana yakatiwa katika dawa za kupigia mswaki. Yakizidi katika maji anayokunywa mtoto, huiharibu enameli wakati bado yafumwa ndani ya taya, yaani tangu kuzaliwa hata kukaribia miaka 8 kwa meno ya mbele. Jino hutoka likiwa na mistari meupe kama chaki, na ikizidi huwa la kahawia na vishimo. Mtu mzima akihamia huko leo meno yake hayaguswi. Huko Marekani, katika mji wa Colorado Springs, daktari Frederick McKay alianza kuyaona meno ya namna hii mwaka 1901, na sababu yake haikujulikana hata 1931.

Shirika la Afya Duniani limeweka kiasi cha miligramu 1.5 katika lita moja ya maji kuwa ndio mpaka. Katika Bonde la Ufa ardhi ni ya volkano, na tangu Nakuru na Naivasha hata kufika Arusha kwa jirani zetu wa Tanzania, viko visima vingi vilivyovuka mpaka huo, vingine mara kadhaa. Magadi yatiwayo katika maharage nayo hubeba floraidi. Kuyachemsha maji hakuiondoi. Bali maji yakipungua chunguni, floraidi hubaki ile ile katika maji machache zaidi. Jamaa zetu wanaoishi huko wenye watoto wadogo na wayapime maji yao, au wawakingie maji ya mvua. Iko dawa ya kuyachuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na juu yake tumeulizwa suali la twahara ambalo si dogo. Tutalijibu peke yake.

Basi rangi ile si uchafu, wala si ugonjwa wa kurithiwa, wala si uvivu wa mswaki. Tumesikia kuwa mama mmoja alikataa kumposea mwanawe binti kama huyu kwa kuchelea wajukuu watazaliwa na meno ya kahawia. Wajukuu hao wakinywa maji ya Mombasa hawatapata kitu.

Hapa ndipo palipo kosa letu la mwaka jana. Tulisema "kugeuza umbile", na hatukuuliza ni lipi umbile la binti huyu. Jino lake katika taya lilikuwa likifumwa jeupe kama la ndugu zake waliozaliwa pwani. Maji ndiyo yaliyolitia aibu. Anayeiondoa aibu hiyo hageuzi umbile, analirudisha. Nawawi ametaja aibu ya jino, na kama hii si aibu ya jino hatujui itakuwa ipi. Kwake yeye jambo hili ni halali, hana laana juu yake, na sisi twamwomba radhi yeye na wazee wake kwa huzuni tuliyowatia.

Lakini haja hukadiriwa kwa kiasi chake, na kinachotosha kidogo hakichukuliwi kikubwa. Daktari alitueleza ngazi za tiba. Madoa mepesi husuguliwa kwa asidi hafifu na unga wa kukwaruza, yakaondoka pamoja na ngozi nyembamba mno ya enameli. Yako madawa ya kung'arisha. Iko rizini ya rangi ya jino ambayo hupakwa na kuchongwa juu ya jino bila ya kulikata sana, nayo ni rahisi kwa bei ingawa hubadilika rangi na kuvunjika mapema. Gamba la kauri huja baada ya hayo. Kwa binti huyu, ambaye meno yake yana vishimo, daktari ameona kuwa kusugua hakutatosha, na neno la daktari mwaminifu katika fani yake lategemewa.

Tumeulizwa pia kama ni lazima mchumba aambiwe. Aibu ambazo kwazo nikaha huweza kuvunjwa katika madhehebu yetu zinajulikana, nazo ni chache. Rangi ya meno haimo. Hata hivyo akiulizwa asiseme uwongo, na twaona vyema kwa wazee wake kuyataja mapema, kwa kuwa meno hayo yatahitaji gharama kila baada ya miaka, na mume ndiye atakayekuwamo nyumbani.

Kijana aliyeuliza mwanzo

Kijana yule tulimwita tena, tukamtaka radhi kwa kumkata suali, na safari hii tukamwacha aseme hata amalize. Kumbe alikuwa akijiulizia nafsi yake. Ana miaka 24, meno yake yote yamo, mazima, yamepangana, ila yamepakwa madoa ya tumbaku, miraa na tambuu. Alitaka kukatisha meno kumi kabla ya harusi, na fedha alikuwa akizikopa.

Kwake yeye hukumu haikubadilika, ingawa sasa twaisema kwa sababu zake. Jino zima lisilo aibu lakwanguliwa kwa chombo, enameli isiyorudi yatupwa, ili mtu apendeze zaidi kuliko alivyoumbwa. Hii ndiyo sura ile ile ya Hadithi, tupa kwa tupa. Hadithi imewataja wanawake kwa kuwa wao ndio waliokuwa wakifanya, mwanamume hakutolewa. Juu ya hayo pana deni lisilo na dharura, na Mtume (S.A.W.) alikuwa akijikinga kwa Mola wake na deni.

Akatuhoji, na alikuwa na haki: mbona hina, mbona wanja, mbona bwana harusi hunyoa na kujitia udi? Tukamwambia kuwa hivyo vyote huongezwa juu ya mwili, vikafutika, na mwili ukabaki kama ulivyokuwa, hapana kinachokatwa. Na kung'arisha meno kwa dawa bila ya kuyakata, twaona kuko upande wa mswaki na si upande wa tupa, maadamu yafanywa na mjuzi na hayadhuru ufizi. Meno yake yaliposafishwa ukoga na madoa, kazi ya saa moja, yalitoka na rangi yao, yana umanjano kidogo kama yalivyo meno ya watu. Harusi imefanywa. Hakuridhika na jawabu letu lote. Alisema binti wa Nakuru amepewa na yeye amenyimwa, na mpaka leo tukikutana hulirudia neno hilo kwa mzaha ambao si mzaha mtupu.

Baina ya wawili hawa wako wengi. Jino lililovunjika kwa ajali, lililokufa likawa jeusi, lililoliwa na asidi ya tumbo au kwa kusagana: haya yako pamoja na binti. Meno yaliyopandana hunyooshwa kwa waya, nayo hayakatwi, na hatuoni ubaya. Jino lililozaliwa dogo kama kijiti, likavikwa gamba bila ya kukwanguliwa, jambo lake ni jepesi. Ama mtu mzima ambaye meno yake yamefifia kwa umri tu, na ataka yawe ya msichana, basi ndiye yule yule aliyetajwa na Nawawi. Kipimo cha aibu ni kile ambacho watu wenye akili wa mji wake wakikiona hukihesabu kuwa ni aibu, si kile ambacho mtu hukiona akijilinganisha na picha.

Na lipo jambo la khatari ambalo daktari alitutaka tulitangaze. Wako watu wanaosafiri hata Uturuki na kwingineko, wakaambiwa watatiwa vinia, na wanachotiwa si gamba bali ni kofia: jino hukatwa pande zote hata likabaki kama kigingi, kisha likavikwa. Meno mazima ishirini hufanywa hivyo kwa wiki moja. Baadhi yake hufa ndani ya kofia, yakaoza na kung'olewa. Hapa kwetu nako wako wanaogandisha vipande vya plastiki katika saluni za urembo, kwa gundi isiyojulikana, na ufizi ukavimba na kutoa usaha. Kenya ina baraza linalosajili madaktari wa meno, na mtu anaweza kuuliza kama jina la daktari wake limo. Asione haya kuuliza. Kumtia chombo kinywani mwako asiyejua kazi hakujuzu, hata kama kitu chenyewe ni halali.

Yamebaki masuali mawili madogo. Gamba haliharibu josho la janaba wala udhu, kwani kusukutua kwetu sisi Mashafi ni sunna katika yote mawili. Na wenzetu Mahanafi, ambao kwao ni faradhi katika josho, wanavyuoni wao wa zama hizi wamelihesabu gamba lililogandishwa kuwa ni sehemu ya jino. Na mwenye kufunga na amwambie daktari amngoje hata usiku au baada ya Ramadhani, kwa sababu chombo kile hurusha maji mengi kooni, na ni shida kujihifadhi nayo.

Bwana yule tumekwisha mpelekea jawabu hili nyumbani kwake, kwa miguu yetu, kabla ya kuliandika hapa. Binti alikuwa nyuma ya pazia akisikiliza, akauliza kama meno sita yanatosha au angeruhusiwa manane, kwa kuwa manane ndiyo yenye madoa yanayoonekana. Tukamwambia manane. Fedha zimeanza kuchangwa tena, na sisi tumetia fungu letu. Wallahu aalam.